Arobaini Bila Mikono

Msikilizaji, mwanamke anaposimulia siku zake za kwanza za uzazi, aghalabu huanza na vitu vya kushikika. Wa Pwani atakutajia uji wa pilipili manga, maji ya moto ya kukandwa kiuno na mapaja, na kanga iliyofungwa tumboni ikakazwa mpaka pumzi ikawa fupi. Wa Kilimanjaro atakutajia mtori. Wengine watataja supu ya kuku, uji wa ulezi, chai ya tangawizi. Binti anayetarajia mtoto wa kwanza hukaa akasikiliza, akaondoka na orodha hiyo kichwani, akiamini kwamba hiyo ndiyo siri ya kutoka salama kwenye uzazi. Hoja ninayotaka kuieleza leo ni kwamba orodha hiyo imeacha jambo lililo kubwa kuliko yote yaliyotajwa. Uji ule ulipikwa na mtu. Maji yale yalichotwa, yakachemshwa kwa kuni, yakapimwa joto kwa kiwiko cha mtu. Sufuria zilioshwa, nepi zikafuliwa na kuanikwa, wageni wakapokelewa mlangoni, na katika yote hayo mzazi mwenyewe alikuwa amelala kitandani na mtoto wake. Sisi tumerithi vitu vya arobaini, yaani zile siku 40 baada ya kujifungua, tukaipoteza mikono iliyovileta. Kwa jinsi ninavyousoma ushahidi, mikono ndiyo iliyokuwa tiba.

Tuiangalie ile arobaini ilivyopangwa. Mimba ya kwanza ilipokua, binti katika jamii nyingi za Pwani alirudishwa kwao, ili siku zikifika awe chini ya mama yake na shangazi zake. Mkunga alikuwa na kazi yake, somo, yaani kungwi wake, naye alikuwa na yake, na wasichana wadogo wa nyumba walitumwa kisimani na sokoni. Dini nayo iliweka uzio wake. Mwanamke mwenye damu ya nifasi, yaani ya baada ya kuzaa, hasali wala hafungi, na wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea Pwani, wanasema mara nyingi damu hiyo huchukua siku 40 na inaweza kufika 60. Katika Biblia, kitabu cha Mambo ya Walawi sura ya 12 kinahesabu siku 7 na nyingine 33 kwa aliyezaa mtoto wa kiume, ambazo ni 40, na mara mbili yake kwa aliyezaa wa kike. Watu wanaweza kubishana juu ya maana ya unajisi na utohara katika sheria hizo, na wana haki. Ila matokeo yake ya kila siku ndani ya nyumba hayana ubishi: kulikuwa na muda unaojulikana na kila mtu, wenye mwanzo na mwisho, ambao mwanamke hakudaiwa kazi. Hata posa iliukumbuka muda huo. Katika ndoa za Waswahili mna zawadi anayopewa mama wa bibi harusi, ndiyo mkaja na mbeleko, yaani ule ukanda wa nguo aliojifunga tumboni alipozaa na ile nguo aliyombebea mtoto mgongoni. Miaka 20 baadaye, jamii ilikuwa bado inalipa deni la siku zile.

Je, siku 40 zilitoka hewani tu? Ukiuchunguza mwili wa mwanamke utaona hazikutoka hewani. Mji wa mimba, uliokuwa umebeba mtoto mzima pamoja na kondo na maji yake, huchukua takribani wiki 6 kurudi kwenye ukubwa wake wa kawaida. Damu na majimaji ya uzazi huendelea kutoka kwa wiki kadhaa. Maziwa hujaa kati ya siku ya pili na ya tano, matiti yakavimba na kuuma, na mara nyingi ndizo siku hizohizo ambazo mama hujikuta akilia bila sababu anayoweza kuitaja. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana. Tuchukue mara 10, na kila mara nusu saa pamoja na kumcheulisha na kumbadilisha nepi: hizo ni saa 5 za kazi ya kukaa, na zimetawanywa hivi kwamba hakuna usingizi unaozidi saa mbili au tatu. Kazi hiyo hakuna anayeweza kumpokea. Ndiyo maana nyingine zote, za jikoni na za kufulia, lazima ziende kwa mtu mwingine. Sheria za kazi zimefika palepale kwa njia yake. Mkataba wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu uzazi, wa mwaka 1919, ulipiga marufuku mwanamke kufanya kazi viwandani na katika biashara ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inasema vivyo hivyo: asirudi kazini kabla ya wiki 6 isipokuwa kwa idhini ya daktari. Wiki 6 ni siku 42. Bibi zetu na mabwana wa Shirika la Kazi, ambao sidhani kama waliwahi kupeana salamu, walihesabu karibu sawa.

Sasa njoo mjini leo, uone arobaini ilivyobaki. Vitu vyote vipo. Mkanda wa kufunga tumbo unauzwa Kariakoo na kwenye simu, wenye gundi za kubandika na rangi za kuchagua. Unga wa uji wa lishe umefungwa kwenye pakiti. Pilipili manga imeshasagwa. Kabla ya kujifungua kulikuwa na sherehe ya mama kijacho, yenye sare, keki na mapambo, na michango ilikusanywa kwenye kundi la simu kwa ukali ambao mkusanya kodi angeuonea wivu. Mtoto akishazaliwa, michango hukoma na wageni huanza. Wanakuja wawili wawili na watatu watatu, na pampasi, na sabuni, na kanga, na nia njema kabisa. Wanakaa kwenye kochi, mtoto anazungushwa mikononi, anafananishwa na babake, kisha na shangazi yake, kisha na babake tena. Na mzazi, ambaye siku tano zilizopita alishonwa, ananyanyuka kwenda kuwasha jiko awachemshie wageni chai. Hapo ndipo penye tatizo lote. Uji anao, ila anaupika yeye. Maji ya moto anayo, na ndoo anaibeba yeye. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyu amekuja na mwenyeji amezidi kuchoka. Mume naye sheria ileile ya 2004 imempa siku 3 za likizo, achukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Siku ya nne yuko kwenye daladala, na mkewe yuko peke yake chumbani na mtoto, mlango ukiwa umerudishwa ili majirani wasisikie kilio.

Ingekuwa rahisi kusema basi hospitali imechukua nafasi ya shangazi. Imechukua nafasi ya mkunga, na kwa hilo tushukuru, maana wanawake wengi wako hai leo kwa sababu hiyo. Ripoti ya utafiti wa kitaifa wa afya nchini Tanzania ya mwaka 2022 inakadiria vifo 104 vya kina mama katika kila vizazi hai 100,000, ilhali ule wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria 556. Wanaojifungulia kwenye vituo vya afya walikuwa wamefika asilimia 81. Ila turudi kwenye huo utafiti wa zamani kidogo, maana una takwimu mbili zinazostahili kuwekwa pamoja. Wanawake asilimia 63 walikuwa wamejifungulia kituoni, na waliopimwa afya zao wenyewe ndani ya siku mbili baada ya kujifungua walikuwa asilimia 34 tu. Maana yake ni kwamba kulikuwa na wanawake waliokuwa ndani ya jengo la afya, mbele ya watu wa afya, na bado hawakumbuki mtu aliyewageukia wao baada ya mtoto kutoka. Macho yote yalimfuata mtoto.

Na macho hayo hubaki kwa mtoto hata baadaye. Wiki ya 6 mama anakwenda kliniki kwa sababu ya chanjo: pentavalenti, matone ya polio, chanjo ya nimonia na ya kuhara. Mtoto anavuliwa nguo, ananing'inizwa kwenye mizani, uzito unachorwa kwenye kadi, na mstari ukipanda wote wanatabasamu. Mama anaulizwa kama ananyonyesha. Akisema ndiyo, anayefuata anaitwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto wakae kituoni angalau saa 24 baada ya kujifungua, kisha waonwe tena kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya 6. Linasema mama na mtoto, wote wawili. Jinsi kumtazama mama kunavyookoa tuliona mwaka 2023, yalipotangazwa matokeo ya utafiti mkubwa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Wauguzi walipewa karatasi ya plastiki yenye mistari ya vipimo, ya kukinga damu ya mzazi, ili wasikadirie kwa macho, na wakifika mstari wa hatari watoe tiba zote kwa pamoja badala ya kujaribu moja na kusubiri. Dawa zilikuwa zilezile za siku zote. Madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Kilichoongezwa pale kilikuwa uangalizi wa karibu na utaratibu wa kutenda mapema, na uangalizi wa namna hiyo ndio nyumba ya arobaini iliyokuwa ikiutoa kwa namna yake: kulikuwa na mtu chumbani aliyeona shuka limelowa kupita kawaida.

Upande wa akili nao una ushahidi wake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu mwanamke 1 kati ya 5 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, na kubwa lao ni sonona. Sonona hii haifanani na machozi ya siku ya tatu yanayokauka yenyewe ndani ya wiki mbili. Hii hukaa. Mama hawezi kulala hata mtoto akilala, chakula hakina ladha, na anamwangalia mwanawe kama anayemwangalia mtoto wa jirani. Je, mikono ya mtu asiye daktari inaweza kuigusa hali kama hiyo? Mwaka 2008 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na Atif Rahman katika vijiji vya Rawalpindi, Pakistani. Wanawake waliokuwa na sonona tangu wakati wa ujauzito walitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya wa kijiji, wanawake wenye elimu ya sekondari tu, waliofundishwa kusikiliza, kuuliza na kuipanga upya siku ya mama pamoja na watu wa nyumba yake. Miezi 6 baada ya kujifungua, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23. Katika kundi lililotembelewa kwa utaratibu wa kawaida, bila mafunzo hayo, walikuwa asilimia 53. Hakuna pakiti ya uji wala mkanda wa tumbo niujuao uliowahi kuonyesha tofauti ya namna hiyo.

Hapa mtu makini atanishika shati. Atasema: kama arobaini ilikuwa kinga, mbona wanawake wa Kiafrika waliokuwa nayo waliugua? Swali hili lina historia, na sitaki kulipita pembeni. Mwaka 1983 wanaanthropolojia wawili wa Marekani, Gwen Stern na Laurence Kruckman, waliandika kwamba sonona ya uzazi huenda ni zao la nchi za Magharibi, kwa kuwa huko mwanamke hana mila za kumzunguka baada ya kuzaa. Wazo hilo lilipendwa sana, na hata huku kwetu wapo wanaolirudia kwa majivuno. Lakini kulikuwa na daktari Mwingereza wa magonjwa ya akili, John Cox, aliyefanya kazi Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aliwachunguza wanawake wa Uganda, kisha akawachunguza wa Uskoti, akakuta viwango vya sonona baada ya kujifungua vinakaribiana. Ni Cox huyohuyo ambaye mwaka 1987, pamoja na Jenifer Holden na Ruth Sagovsky, alitoa yale maswali 10 yanayotumika leo duniani kote kumpima mzazi. Cox alikuta pia kwamba Baganda waliujua ugonjwa wa akili wa mzazi tangu zamani, wakiuita amakiro, na miongoni mwa vyanzo walivyovitaja ni kutoka nje ya ndoa wakati wa ujauzito. Mgonjwa alihudumiwa huku akihukumiwa.

Ushahidi wa Cox unaibomoa hoja ya wanaoamini kwamba mila peke yake inatosha. Hoja yangu hauibomoi, unaikaza. Sherehe bila msaada haimponyi mtu, na msaada uliochanganywa na lawama ni nusu ya msaada. Tafiti za Hong Kong, ambako mwanamke aliyejifungua hukaa ndani mwezi mzima akilishwa supu, zimetaja ugomvi na mama mkwe miongoni mwa mambo yanayochochea sonona ya mzazi. Kwa hiyo swali la maana la kumuuliza mwanamke anayeikumbuka arobaini yake ni nani alikuwa chumbani, alifanya nini, na alikuwa na maneno gani mdomoni. Mama mkwe anayefua huku akihesabu kila kipande cha nguo kwa sauti, na wifi anayepika huku akitangaza kwamba yeye alijifungua bila kelele, mikono yao ipo, lakini faida yake inatoka kwa mlango mwingine.

Wapo watakaosema ninaipamba arobaini ambayo iliwahi kuua. Ni kweli iliwahi. Maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano, yalikamuliwa na kumwagwa kwa kudhaniwa ni machafu, kumbe ndiyo yenye kinga kubwa kuliko yote atakayopata mtoto. Watoto walipewa maji ya sukari na dawa za tumbo siku ya kwanza, ilhali mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6. Kitovu kilipakwa majivu na vitu vingine visivyotajika wakati wa chakula, na pepopunda ikaingilia hapo. Wanawake waliunguzwa kwa maji ya moto kupita kiasi. Damu ikizidi, walisubiri, wakiambiwa uchafu unatoka. Na siku 40 za kutotoka nje zilikuwa kifungo kwa mwenye homa aliyetakiwa kufika hospitali siku ya 6. Yote hayo tuyaache, tena bila huruma. Lakini tazama jinsi tulivyochambua: yale yaliyokuwa na madhara, kama dawa za tumbo kwa mtoto mchanga, bado yanauzwa madukani, na lile ambalo halikuwahi kumdhuru mtu, yaani kumfulia na kumpikia mzazi, ndilo tuliloliacha. Hatukuichuja mila kwa akili. Tuliiacha ijichuje kwa bei, na kilichouzika kikabaki.

Hoja nyingine hutoka kwa wanawake wenyewe, tena wale wakubwa: sisi tulizaa tukanyanyuka, siku ya tatu tuko shambani, wa siku hizi wamekuwa laini. Wapo kweli waliofanya hivyo, hasa kwenye shida na kwenye nyumba za watu wengi zenye chakula kidogo. Lakini anayesema hivyo ni aliyebaki kusema. Waliofia kwenye uzazi hawamo barazani. Na aliyepona naye kumbukumbu yake ina kazi ya kumlinda: mwanamke akishamwona mwanawe amekuwa mtu mzima, zile wiki za mwanzo hujikunja zikawa kicheko na kisa cha kuchekesha. Hilo halimfanyi kuwa mwongo. Ila kumbukumbu iliyolainishwa hivyo haifai kuwa kipimo cha kumpimia binti aliyejifungua juzi. Afadhali bibi huyo angeulizwa maswali madogo madogo: usiku wa kwanza nani alimshika mtoto ulipokwenda kuoga? Nani aliwapikia wakubwa? Mara nyingi utasikia jina la mtu, dada yake au mke mwenzake, ambalo lilikuwa limeachwa nje ya kisa.

Hoja iliyo ngumu kuliko zote ni ya maisha yenyewe: mikono hiyo itoke wapi? Bibi wa leo ana duka au yuko kazini serikalini, na huenda yuko Songea ilhali mzazi yuko Mwanza. Nyumba ni chumba na sebule. Wengi wamelijibu swali hili kwa kumleta dada wa kazi, ambaye mara nyingi ni binti mdogo, mgeni wa mji, asiyewahi kuona mtu amejifungua. Anapewa nyumba nzima kwa mshahara ambao sitautaja redioni. Hilo ni kumhamishia msichana mmoja mzigo uliokuwa wa wanawake sita. Waswahili husema mkono mmoja haulei mwana, na mkono huo mmoja ukiwa wa kuajiriwa haubadiliki kuwa miwili. Mikono iliyo karibu kuliko yote ni ya baba wa mtoto, na hapo huja kicheko: mwanamume atajua nini? Atajua kufua, maana sabuni haina jinsia. Atajua kupika ugali, kubadilisha nepi, kumbeba mtoto saa nane za usiku mama akalala saa mbili mfululizo, kumwambia mgeni mlangoni kwamba mzazi amepumzika, karibu kesho. Hakuna hata moja linalohitaji maziwa. Siku 3 za Tanzania hazimtoshi kufanya lolote kati ya hayo. Uganda inatoa siku 4 za kazi. Kenya, tangu sheria yake ya ajira ya mwaka 2007, inatoa wiki 2, na sijasikia kwamba viwanda vya Thika vilifungwa kwa sababu hiyo.

Waajiri watasema gharama. Nawaelewa, hasa mwenye wafanyakazi watano. Lakini tayari sheria yetu inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, au 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja, na baada ya hapo hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Jamii imeshakubali kulipia uzazi. Inacholipia, hata hivyo, ni mama kutokuwepo kazini. Nani yuko naye nyumbani haijauliza. Kuongeza siku za baba zifike hata 14 ni sehemu ndogo ya gharama iliyokwisha kubaliwa, nayo ndiyo itakayoifanya ile kubwa izae matunda. Na haya yote yanamhusu mwenye mkataba wa ajira. Mama lishe anayefunga banda wiki moja na kurudi na mtoto mgongoni, mkulima ambaye mvua haijui tarehe yake ya kujifungua, hawaguswi na kifungu chochote nilichokitaja. Kwao tumaini lililo karibu ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Kenya ilizindua zaidi ya 100,000 Septemba 2023, na Tanzania ikazindua mpango wake Januari 2024. Kama watu hao watapelekwa mlango kwa mlango kuhesabu vyandarua na kujaza fomu tu, tutakuwa tumeipoteza fursa. Wafundishwe kama wale wa Rawalpindi: kukaa na mzazi, kumuuliza kuhusu yeye kabla ya mtoto, na kumwita mume au mama mkwe aliye nyumbani wagawane kazi mbele ya shahidi.

Hayo ya bunge na wizara yatachukua muda. Yaliyo mikononi mwetu hayachukui. Msikilizaji, kama wiki hii unakwenda kumwona mzazi, tafadhali usipige picha kwanza. Ingia uani, angalia beseni la nguo, na ufue kabla hujaomba kumpakata mtoto. Pika chakula cha usiku, kisha uondoke mapema. Na kabla hujaondoka muulize mama mwenyewe hali yake, usikubali jibu la nzuri tu. Akiwa na homa, au damu inayolowanisha kitambaa kimoja baada ya kingine, au kichwa kinachouma sana huku macho yakiona kiza, au mguu mmoja uliovimba na kuuma, au akikuambia hamtaki mtoto, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Msisubiri arobaini iishe.